Samaki wa jioni ya siku ya kazi: nusu saa inatosha

Nyumba nyingi zenye watoto zina tatizo moja la saa 1 usiku. Mama ndiyo kwanza anarudi kazini, baba yuko kwenye foleni, watoto wana njaa, na kesho kuna shule. Chakula kinachotaka saa mbili jikoni hakifai jioni ya namna hiyo. Matokeo yake sote tunayajua: chipsi mayai za kununua nje, au chai na mkate, au mtoto analala juu ya kochi sahani ikiwa bado haijafika mezani.

Samaki huwa hatumfikirii kabisa siku hizo. Vichwani mwetu samaki ni wa Jumapili: kuparua magamba, kutoa matumbo, kukaanga kwa mafuta mengi, kisha kuunga mchuzi. Ni kazi ya nusu siku, na nyumba nzima inanuka hadi kesho yake. Kwa hiyo katikati ya wiki tunakimbilia nyama au maharage, vitu vinavyokaa jikoni muda mrefu kuliko samaki.

Ukweli ni kwamba samaki ni kati ya vitoweo vinavyoiva haraka sana. Nyama ya ng'ombe inataka saa moja au zaidi ili ilainike. Samaki halainishwi, kwa sababu amezaliwa laini. Maji ndiyo yanayombeba, hivyo hana misuli migumu kama ya mnyama anayetembea siku nzima. Kipande chenye unene wa sentimita mbili na nusu hivi kinaiva kwa dakika kumi tu. Ukimwacha motoni dakika ishirini atakauka, na watoto watasema hawapendi samaki, kumbe hawapendi samaki mkavu.

Leo tuangalie jinsi ya kumpika samaki jioni ya siku ya kazi, kuanzia unapomnunua hadi mtoto anapomaliza sahani yake bila kukwama mwiba.

Je, ni lazima awe salmoni?

Wengi wetu tumeona kwenye simu zile video za kipande cha samaki wa rangi ya waridi, kimewekewa vipande vya limao juu, kimeingia kwenye oveni na kutoka baada ya robo saa. Huyo ni salmoni. Wasomaji wananiuliza kama samaki huyo ana kitu ambacho wa kwetu hawana.

Salmoni ni samaki wa maji baridi ya kaskazini ya dunia. Huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Wengi wanaouzwa leo, hasa wale wa Atlantiki, wamefugwa, na Norway ndiyo inayoongoza kwa ufugaji huo. Hapa kwetu wanafika wakiwa wamegandishwa, wanauzwa kwenye maduka makubwa ya mijini, na bei yake ni ya kumtoa mtu jasho.

Sifa yake kubwa ni mafuta. Ana mafuta mengi ya omega-3, yanayosaidia ukuaji wa ubongo na macho ya mtoto na afya ya moyo wa mtu mzima. Ana pia vitamini D na protini nzuri. Mafuta hayohayo ndiyo yanayomfanya asikauke haraka motoni, na ndiyo sababu wapishi wanaoanza humpenda.

Lakini mafuta ya namna hiyo hayakuwekwa kwa salmoni peke yake. Vibua wanayo. Jodari wanayo. Dagaa wanayo, na kwa kuwa dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, humpa mtoto madini ya chokaa yanayojenga mifupa na meno, kitu ambacho mnofu wa salmoni hautoi kwa wingi huo. Sato na sangara wana mafuta machache zaidi, ila protini yao ni safi na watoto wengi hupenda ladha yao isiyo kali.

Kwa hiyo wewe unayesoma ukiwa London, Oslo au Minneapolis, ambako salmoni yuko duka la jirani, mpike huyo. Wewe uliye Mwanza, Dar es Salaam au Mombasa usijione umepungukiwa. Upishi ni uleule, na fedha ya kipande kimoja cha salmoni inaweza kulisha nyumba nzima vibua.

Samaki gani afaa jioni ya haraka

Chagua samaki kwa kufuata mambo mawili: miiba na muda wa kumsafisha.

Mnofu wa sangara ndio ulio karibu zaidi na ule upishi wa salmoni. Ni mnene, mweupe, haumeguki ovyo kikaangoni, na ukishatolewa kwenye mfupa wa kati hubaki na miiba michache sana. Minofu mingi ya viwanda vya Kanda ya Ziwa husafirishwa kwenda nje, na kwa miaka mingi kilichobaki kwa wenyeji ni mapanki. Hata hivyo mnofu hupatikana kwenye mabucha ya samaki mijini, na ukiwa na watoto wadogo ni heri kununua nusu kilo ya mnofu kuliko kilo nzima ya samaki mwenye miiba.

Kwa watu wa pwani, nguru aliyekatwa vipande vya mviringo anafaa sana. Mfupa wake uko katikati, unauona, unautoa. Jodari naye ni hivyohivyo. Kolekole na changu ni watamu, lakini wanahitaji jicho la mtu mzima kabla sahani haijafika kwa mtoto.

Sato mzima ni mzuri ila ana miiba ya ubavuni. Mwombe muuzaji ampasue na kutoa minofu pande zote mbili. Wengi sokoni hufanya kazi hiyo kwa pesa kidogo, na wewe unaondoka na kichwa na mfupa wa kuchemshia supu.

Vibua ni wa bei ya chini na wanaiva upesi. Wana miiba midogo, hivyo wanafaa zaidi nyumba yenye watoto waliokwisha kujua kula samaki.

Unapomnunua

Hapa naomba tusome taratibu, maana hapa ndipo penye hatari yenyewe.

Samaki mzima aliye salama ana macho yaliyojaa na yanayong'aa. Macho yaliyozama na kuwa na ukungu ni dalili ya siku nyingi. Fungua mashavu: ndani pawe pekundu, pasiwe na rangi ya kahawia wala utelezi mzito. Bonyeza mwili kwa kidole: nyama irudi mahali pake. Harufu iwe ya bahari au ya ziwa, isiwe ile kali inayokuchoma puani. Kama ni mnofu, usiwe umepasukapasuka wala kuogelea kwenye maji ya uvundo.

Tazama pia mahali alipolala. Samaki wa meza iliyo juani, hata kama ametoka majini alfajiri, kufikia saa 10 alasiri si yule wa asubuhi. Nunua kwa anayetumia barafu.

Jambo hili ni zito zaidi kwa jodari na vibua. Samaki wa jamii hiyo wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, kukaanga, kugandisha wala kukamulia ndimu. Mtu aliyekula huanza kuwashwa, uso kuwa mwekundu na wa moto, kichwa kuuma, na wakati mwingine kutapika au kuharisha, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili. Wengi husema "samaki amenikataa" na kuishia hapo. Mara nyingine si mwili uliomkataa samaki, ni samaki aliyekaa juani. Ikitokea kwa mtoto, mpeleke kituo cha afya, na akionyesha shida ya kupumua usisubiri hata kidogo.

Kwa hiyo ukitoka kazini na kumpitia samaki sokoni, mnunue mwisho, baada ya vitu vingine vyote, na uende naye moja kwa moja nyumbani. Kama safari ni ndefu, mwombe muuzaji barafu kidogo kwenye mfuko.

Kazi ya Jumapili inayookoa Jumatano

Siri ya samaki wa katikati ya wiki ni kumaliza kazi chafu mwishoni mwa wiki. Jumamosi au Jumapili mnunue, msafishe, mkaushe kwa kitambaa safi, kisha mgawe kwenye mifuko midogo. Kila mfuko uwe na kiasi cha mlo mmoja. Kwa familia ya watu wanne, gramu 500 hadi 600 za mnofu zinatosha. Bapaza mfuko uwe mwembamba, maana mfuko mwembamba hugandisha haraka na kuyeyuka haraka. Andika tarehe.

Siku ya kumpika, asubuhi kabla ya kutoka, hamisha mfuko mmoja kutoka kwenye friza uuweke chini ya friji, ndani ya bakuli. Ukirudi jioni utamkuta ameyeyuka. Ukisahau, uweke mfuko uliofungwa vizuri ndani ya maji baridi; mnofu mwembamba huyeyuka kwa nusu saa hivi. Usimwache juu ya meza ya jikoni kutwa nzima, na usitumie maji ya moto.

Umeme ukikatika, usifungue friza kuchungulia. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri hutunza ubaridi kwa siku mbili hivi, iliyo nusu kwa siku moja. Friji ya kawaida ni saa nne tu. Samaki aliyeyeyuka na kupata joto, usimgandishe tena ukajidanganya kwamba yupo.

Na kama huna friji, bado samaki wa jioni unampata: dagaa wakavu. Nitawafikia.

Mnofu wa kikaango, hatua kwa hatua

Mahitaji ya watu wanne: gramu 600 za mnofu wa sangara, nguru au salmoni uliokatwa vipande vinne, punje tatu za kitunguu saumu, tangawizi kipande kidogo, nusu kijiko cha chai cha binzari ya manjano, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga kidogo, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, na ndimu moja.

Anza na mchele, kwa sababu ndio unaochukua muda mrefu. Osha, bandika, funika. Kama una jiko la plati moja, pika wali kwanza na uuweke kwenye hotipoti, kisha endelea na samaki kwenye moto huohuo.

Wakati wali unachemka, kausha samaki kwa kitambaa au karatasi ya jikoni. Hatua hii watu wengi huiruka, na ndiyo inayofanya samaki anate na kumeguka. Samaki mwenye maji hutokota, hakaangiki. Twanga kitunguu saumu na tangawizi, changanya na binzari, chumvi na pilipili manga, mpake pande zote.

Ndimu iweke pembeni kwanza. Tumezoea kumlaza samaki kwenye ndimu saa nzima. Kwa mnofu haifai, maana tindikali ya ndimu huanza kuifanya nyama kuwa nyeupe na yenye ungaunga kabla hata haijaona moto. Dakika tano hadi kumi zinatosha, au ukamue tu mwishoni mezani.

Pasha kikaango hadi kipate moto, tia mafuta, yakishapata joto weka samaki. Kama ana ngozi, ngozi itangulie chini. Sasa mwache. Usimgeuzegeuze. Akishakaangika vizuri upande wa chini ataachia kikaango mwenyewe, baada ya dakika nne au tano. Mgeuze mara moja, punguza moto, mpe dakika tatu au nne nyingine.

Utajuaje ameiva? Tia uma kwenye sehemu nene na uuzungushe kidogo. Nyama ikiachana kwa vipande na kuwa nyeupe isiyopenyeza mwanga, ameiva. Ikiwa bado inang'aa kama kioo na inang'ang'ania, mwongeze dakika moja moja. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 63 katikati ya kipande. Kwa salmoni, rangi hubadilika kutoka nyekundu iliyokolea kuwa ya waridi iliyofifia, na ukiona utando mweupe unatoka pembeni usishtuke. Hiyo ni protini tu, ingawa ikitoka nyingi ni dalili kwamba moto umezidi.

Hadi hapo hujafikisha nusu saa. Wali umeiva, samaki yuko tayari. Katakata nyanya, kitunguu na tango kwa kachumbari, kamua ile ndimu juu ya kila kitu, na mkae mezani.

Mchuzi wa nazi wa dakika kumi

Kuna nyumba ambako bila mchuzi si chakula. Sawa. Ukishamtoa samaki, usioshe kikaango. Kaanga kitunguu kimoja kwenye mafuta yaliyobaki, ongeza nyanya mbili zilizokunwa, ziache zivunjike, kisha mimina kikombe kimoja cha tui la nazi. Tui la pakiti linafaa. Siku ya kazi si siku ya kukuna nazi. Koroga hadi lichemke polepole kwa dakika tano, mrudishe samaki kwa dakika mbili tu ili apate joto na kunywa mchuzi. Ukitaka mboga humohumo, tia majani ya mchicha yaliyokatwa dakika tatu za mwisho.

Mchuzi huu unakwenda na wali, ugali, chapati, hata mihogo ya kuchemsha.

Wa mkaa, wa oveni, na wa dagaa

Mwenye oveni ana kazi ndogo zaidi. Panga vipande kwenye sinia lililopakwa mafuta, ongeza vitunguu na pilipili hoho, washa nyuzi 200, na baada ya dakika 12 hadi 15 chungulia. Muda huo unaweza kuutumia kumwogesha mtoto au kutazama daftari lake la hesabu.

Mwenye jiko la mkaa akate jani la mgomba, alibabue kidogo motoni ili lisipasuke, afungie humo vibua wawili waliopakwa viungo, na kuwaweka juu ya mkaa usio mkali. Jani hutunza maji na harufu, na hakuna kikaango cha kuosha.

Dagaa wakavu waloweke kwenye maji ya moto dakika tano, toa vichwa kama watoto wanalalamikia uchungu, osha mara mbili au tatu hadi mchanga uishe. Wakaushe, wakaange kwa mafuta kidogo hadi wakakamae, kisha tia kitunguu, nyanya na karoti iliyokunwa. Dakika ishirini zimekwisha. Kwa kuwa maji yametoka, dagaa wakavu wana protini nyingi sana kwa uzito wao, hivyo kiganja kimoja kwa mtoto si kidogo kama kinavyoonekana. Kwa mtoto mdogo wasage wawe unga na utie kwenye uji au viazi vya kuponda.

Miiba na watoto

Hofu ya mwiba ndiyo inayowafanya wazazi wengi wasipike samaki usiku, wakati taa ni hafifu na kila mtu amechoka. Hofu hiyo ina haki yake, lakini ina tiba.

Kwanza, kabla ya kupika pitisha kidole juu ya mnofu kutoka kichwani kuelekea mkiani. Miiba iliyobaki utaisikia ikichoma. Ing'oe kwa kibano kisafi. Pili, mtoto wa chini ya miaka mitano mchambulie wewe, kwa vidole, si kwa uma. Vidole huona kuliko macho. Tatu, usimharakishe, na usiruhusu vicheko na kukimbizana wakati wa kula samaki.

Mwiba ukikwama kooni, tumezoea kumpa mtu tonge kubwa la ugali au ndizi ameze bila kutafuna. Madaktari hawashauri hivyo, kwa sababu tonge linaweza kuusukuma mwiba ndani zaidi au kuchana koo. Mwache akohoe mwenyewe, anywe maji kidogo. Kama maumivu yanaendelea, anashindwa kumeza, mate yanamtoka au anapumua kwa shida, ni hospitali usiku huohuo.

Kwa mtoto mchanga, samaki aliyepondwa vizuri na kuchambuliwa anaweza kuanza baada ya miezi sita, pamoja na vyakula vingine vya kulikiza. Anza na kijiko kimoja, siku ambayo humwanzishii chakula kingine kipya, ili akipata vipele au uvimbe ujue chanzo.

Na mama mjamzito? Zipo nyumba ambako bado anakatazwa samaki. Samaki wadogo kama dagaa na vibua, na sato pia, wanamfaa yeye na mtoto aliye tumboni, ilimradi wameiva vizuri. Wa kukaa nao mbali ni samaki wakubwa wanaowinda wenzao, kama papa na nduaro, kwa kuwa hukusanya zebaki mwilini mwao mwaka hadi mwaka.

Nani anakula kipande kipi

Nimalizie na jambo ambalo halimo kwenye kitabu cha mapishi. Tazama sahani za nyumbani kwako siku ya samaki. Mara nyingi kipande cha kati, kinene na kisicho na miiba, kinakwenda kwa baba. Mkia unakwenda kwa watoto. Mama anabaki na kichwa na mchuzi, na akiulizwa anasema ndicho anachokipenda. Huenda ni kweli. Huenda pia ni mazoea ya miaka mingi ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza.

Anayekua mezani pale ni mtoto. Yeye ndiye anayehitaji protini ile ili arefuke, na mafuta yale kwa ajili ya ubongo wake. Tena ndiye asiyejua kutoa miiba. Kwa vyovyote utakavyohesabu, kipande kinene ni chake. Mama anayenyonyesha anafuata. Sisi wakubwa tunajua kupambana na mkia. Baba akilitamka jambo hili mwenyewe mezani, heshima yake haipungui hata chembe, na watoto watalikumbuka.

Ndiyo maana napenda upishi wa mnofu uliogawanywa vipande vinne sawa. Hakuna kichwa, hakuna mkia, hakuna mjadala. Kila mtu anapata kama mwenzake.

Na kwa kuwa kazi yenyewe ni ya nusu saa, haina sababu ya kuwa ya mtu mmoja. Anayefika nyumbani kwanza ndiye anayebandika wali, awe mama au baba. Mtoto wa miaka saba anaweza kukamua ndimu na kupanga sahani. Wa miaka kumi anaweza kukata nyanya ukiwa karibu. Dada wa kazi, kama yupo, naye akae mezani ale samaki huyohuyo akiwa bado wa moto, si makombo baada ya wote kulala.

Kikibaki kipande, kiweke kwenye friji mara mnapomaliza kula, kisizidi saa mbili juu ya meza. Kesho kichambue, changanya na viazi vya kuponda na kitunguu, finyanga vidonge, kaanga, na utakuwa na katlesi za kwenye kontena la shule.

Wiki hii chagua jioni moja tu. Usianze na tatu. Jumatano, kwa mfano, iite siku ya samaki, na watoto wenyewe watakukumbusha kutoa mfuko kwenye friza asubuhi. Wakila wakashiba na kulala saa 2:30, nawe ukabaki na muda wa kukaa na mwenzako kabla ya usingizi, utakuwa umepata zaidi ya chakula.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.